Asali Isiyofika Sake

Jumatatu, tarehe 3 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Wiki ya tatu bila mke wangu. Nimejipikia maharagwe. Chini yameungua, juu ni mabichi. Sijui inawezekanaje. Nimeyala.

Niandike ukweli, kwa kuwa kaye hii, daftari langu, haisomwi na mtu. Athanasie hakuondoka kwa hasira. Sungura wangu walitoka bandani na kula shamba lake lote la maharagwe, yakiwa ndiyo kwanza yametoa majani mawili mawili. Mpango wa sungura ulikuwa mzuri sana! Kasoro ilikuwa ya mlango tu. Alisimama pale ukingoni na jembe lake, akaangalia udongo mtupu, akaniambia: "Nimechoka, Papa Elodie." Basi. Akafunga kitenge, akapanda pikipiki ya Noël, akashuka Sake kwa dada yake. Mwenye hasira hutulizwa. Aliyechoka utamfanyia nini? Na mimi pia nimechoka, lakini sina dada Sake.

Leo darasani nafundisha vitenzi vya Kifaransa. Wanafunzi wanasinzia. Mimi nasinzia nikiwa nimesimama, ni ufundi wa miaka ishirini na minane. Mara sauti ya Evode ikapenya ukuta wa mbao. Evode ni mwalimu wetu wa Kiingereza, hapa Burungu. Amekulia kambini Uganda, Kiingereza kinamtoka kama maji, na direkta wa shule amempa masaa yote niliyokuwa nayaomba mimi. Tena ni mpole. Ananisalimia kila asubuhi. Hilo ndilo linanichosha zaidi.

Neno lake la leo: honey. Akawaeleza kwamba maana ya kwanza ni asali, hii ya nyuki. Lakini Mwingereza akimwita mke wake honey hazungumzii chakula, ni kama huku mtu anavyosema sheri, yaani mpenzi. Akasema katika vitabu vyao vya hadithi neno hilo linafanya kazi nyingi. Mume analitamka mlangoni akirudi nyumbani. Washairi wanalipaka kwenye sauti ya mpenzi, hata kwenye mwezi wa kwanza wa ndoa. Na mwenye kosa hulitanguliza kabla ya kuungama.

Hulitanguliza kabla ya kuungama! Chaki ikanianguka.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Kifaransa nilishakijaribu: mwaka ule wa arusi nilimwita "mon chou", akauliza maana, nikamwambia kabichi yangu, akaniuliza kama namwona anafanana na kabichi za soko la Kitchanga. Kiswahili changu chote anakijua, pamoja na uongo uliomo. Lakini kwa Kiingereza sijawahi kumkosea hata siku moja.

Nitaandika barua.

Jumanne, tarehe 4 Oktoba

Nimeandika! Sikumwomba Evode msaada. Afadhali nife. Nina diksionere yangu ya zamani, mchwa wamekula kuanzia herufi T hadi mwisho, kwa hiyo nimetumia maneno ya kabla ya hapo, isipokuwa "you", ambalo hata mtoto analijua.

Mstari wa kwanza: "Honey I send you by Noël all my love." Yaani: mpenzi, nakutumia upendo wangu wote kwa mkono wa Noël. Niliweka virgule, ule mkato mdogo, baada ya Honey, kisha nikaifuta. Ilionekana kama kumkanyagia mapenzi breki.

Mstari wa pili: "It is big and it is good." Yaani upendo ni mkubwa na ni mzuri. Nikatia sahihi. Sikutaja sungura. Hakuna sungura katika mapenzi.

Nimempa Noël bahasha asubuhi alipopita kutoka Kitchanga. Noël ni motari wa kuaminiwa kuliko wote wanaobeba watu kwa pikipiki katika barabara hii. Wiki iliyopita mke wake alijifungua, na bado alinipa pole mimi. Nikamwambia amkabidhi Athanasie mkononi, asimpe dada mtu. Akaweka bahasha ndani ya koti, upande wa moyo. Nimeona ni dalili nzuri.

Jioni nimewalisha sungura. Nimewaambia mambo yanatengenea.

Alhamisi, tarehe 6 Oktoba

Hayakutengenea.

Noël amefika kwangu saa sita, matope mpaka kwenye kofia. Hakuivua. Hakukaa. Ameniuliza: "Papa Mwalimu, iko wapi ile asali?"

Nikamwuliza asali gani.

Akanihadithia yote, nami nikawa nakaa chini polepole. Athanasie alipokea bahasha vizuri. Kwa kuwa Kiingereza hakijui, wakamwita jirani wa dada yake, Papa Jean-Bosco. Huyu alikuwa mpishi kwenye kambi ya wanajeshi wa kigeni, miaka tisa. Kiingereza chake ni cha jikoni. Cha jikoni, lakini hakina makosa! Akavaa miwani, akasoma mbele ya watu wa uani: "Asali nakutumia kwa mkono wa Noël, upendo wangu wote. Ni kubwa na ni nzuri."

Kila mtu akaangalia mkono wa Noël.

Mkono ulikuwa mtupu. Wakatazama nyuma ya pikipiki. Wakafungua hata sanduku la spana. Dada wa Athanasie anakohoa tangu mwezi uliopita, alikuwa ameshaanza kukamua ndimu. Jean-Bosco akasoma tena, akagonga karatasi kwa kidole: kubwa, imeandikwa hapa, basi ni bidon, dumu kubwa. Habari ikafika parking ya motari kabla ya Noël mwenyewe. Papa Habineza, presida wa chama chao pale Sake, amemvua gile, ile fulana ya kazi yenye namba. Noël habebi mtu wala mzigo mpaka Jumatatu saa nne, kesi itakaposikilizwa.

"Mi sikule kitu ya muntu," akasema Noël. "Sema tu ukweli. Ulinipa asali, ao hukunipa?"

Jibu lilikuwa neno moja. Nilikuwa nalo mdomoni! Lakini akaongeza kwamba ana ujumbe wa mke wangu. Athanasie amesema niambiwe hivi: amefurahi kwamba Papa Elodie alikumbuka kifua cha dada yake. Hata kama asali haikufika, moyo wake umesikia.

Moyo wake umesikia! Maneno ya kwanza katika wiki tatu! Nikisema hakukuwa na asali, nimekiua kile kilichofufuka. Na Evode atajua. Na direkta atajua kuna mwalimu ambaye barua yake inasomwa kama orodha ya chakula.

Nikamwambia Noël kwamba mambo ya lugha ni mazito, anipe siku chache, Jumatatu nitakuwepo mwenyewe. Akaniangalia vile motari anavyoangalia daraja la miti kabla ya kupita na mzigo. Akaondoka kwa miguu. Pikipiki anaisukuma, bila abiria hana pesa ya petroli.

Ijumaa, tarehe 7 Oktoba

Mpango mpya. Ni rahisi. Barua inasema kuna asali, basi iwepo asali. Nikiipata, nitasema niliisahau nyumbani, kosa ni langu, dogo tu. Noël anakuwa huru. Athanasie anapata asali. Mimi nabaki mume aliyekumbuka kifua cha shemeji. Hakuna anayepoteza.

Jirani ana mizinga mitatu kilimani. Akaniambia haina kitu, mvua imeangusha maua, nyuki wenyewe wana njaa, wana hasira, nisisogee. Nikaona ananinyima. Alipokwenda kukamua ng'ombe nikasogea.

Hakuwa ananinyima.

Naandika kwa jicho moja. La kushoto limefungika. Mdomo wa juu umekuja mbele kama wa bata. Sikio sitalieleza. Jirani amenipaka maziwa, kisha akarudi kwa ng'ombe wake.

Jumamosi, tarehe 8 Oktoba

Soko la Kitchanga. Evode amenikuta njiani, akashtuka na uso wangu, akauliza kama ni jino. Nikasema ni jino. Akasema Jumatatu anashuka Sake kununua vitabu, anaweza kuniletea dawa. Nikamshukuru kwa meno yaliyofungana.

Nimeipata! Mama Joséphine-Marie, mfanyabiashara wa Mubi, huko Walikale. Kila mwezi anapanda huku na mawese na asali ya pori, nyeusi, ya wawindaji. Alikuwa amebakiza bidon moja ya njano, ya lita tano. Kubwa! Kama ilivyoandikwa! Akasema hauzi, amemwekea mtu. Nikamweleza kwamba ni suala la ndoa. Akaniangalia uso, akauliza kama ni mke ndiye amefanya hivi. Nikasema hapana, nyuki. Akacheka mpaka wenzake wakaja kuuliza.

Mwishowe akapenda koti langu la mvua. Lile la kijani, zito, jina langu limeandikwa ndani ya kola kwa wino: Mwalimu Straton, Burungu. Akasema kwao Mubi mvua haina huruma, koti kama hilo halipatikani. Nikavua palepale. Akanipa bidon na onyo moja: asali hii imeanza kuchemka yenyewe, kifuniko nikiache kimelegea kidogo.

Nikarudi nimelowa mpaka mifupa. Kifuniko nimekikaza. Asali ya suala la ndoa haiachwi wazi.

Nikapita kwa Noël, nikamweleza mpango kwa furaha. Tena nimeutengeneza: yeye mwenyewe apeleke bidon, aseme ilichelewa. Alikuwa amembeba mtoto kifuani. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Papa Mwalimu," akasema, "nikiifikisha leo, nimekubali kwamba juzi niliiba."

Sikuwa nimeliona hilo.

Nikamwambia basi nitaipeleka mimi. Akasema kuna kitu chepesi kuliko bidon ya lita tano, nikipeleke hicho. Nikauliza kitu gani. Mke wake akajibu kutoka ndani: "Ukweli, Papa."

Watu wamechoka, wanakuwa wakali.

Jumapili, tarehe 9 Oktoba

Misa. Padri amehubiri juu ya ulimi. Nilikaa nyuma. Noël alikaa mbele yangu, bila gile, shati lake limepigwa pasi vizuri mno, kama la mtu anayejua anaangaliwa. Watu wawili waliacha nafasi kati yao na yeye kwenye benchi. Watu niliowafundisha mimi.

Nilitaka kumshika bega. Nikafikiri, akigeuka nitamwambia nini? Nikaimba.

Nyumbani bidon inatoa sauti ndogo, kama mtu anayenung'unika usingizini. Nimeifunika kwa blanketi.

Jumanne, tarehe 11 Oktoba

Jana sikuandika. Niandike leo, kabla sijajisahaulisha.

Jumatatu nilimwambia direkta kwamba jino limezidi. Uso ulinisaidia. Nikapanda lori la viazi, bidon magotini, mvua mgongoni. Bariere mbili za askari, Kilolirwe, matope, lori limekwama, tumeshuka, tumesukuma, tumepanda. Na ni nani ameketi juu ya gunia la mbele, ananinyooshea mkono nipande? Evode. Akauliza kama nabeba mafuta. Nikasema ni dawa ya jino.

Parking ya motari Sake, pale njia za Goma, Masisi na Minova zinapokutana. Pikipiki zaidi ya arobaini zimepangwa, na wenyewe wamekaa juu yake kama waamuzi. Papa Habineza kwenye kiti cha plastiki: mtu mkubwa, mjane, ana sauti ya kusimamisha lori. Jean-Bosco na miwani yake. Shemeji anakohoa. Noël amesimama peke yake. Na Athanasie.

Amekonda. Alikuwa na kile kitenge alichonunuliwa na binti yetu Elodie. Aliponiona uso akasimama nusu, kisha akakaa tena.

Nikasema hotuba yangu. Niliitayarisha kwa siku mbili: kwamba asali ilikuwepo tangu Jumanne ya barua, kwamba kwa uchovu wa kazi niliisahau chini ya meza, kwamba kosa ni langu, Noël hana hatia, na hii hapa. Nikaiinua bidon. Watu wakasema "Aaa!" Hata Noël alishusha mabega. Athanasie akatabasamu. Nathibitisha: alitabasamu. Ilichukua muda wa kuhesabu hadi nne.

Kisha sauti ikaja kutoka upande wa soko: "Mwalimu! Nilikuambia kifuniko ulegeze!"

Mama Joséphine-Marie. Anasubiri gari la kurudi Mubi. Amevaa koti langu.

Papa Habineza akamwuliza anaijuaje hiyo bidon. Akajibu bila ubaya wowote, kama mtu anayesaidia: ni yake, alinipa Jumamosi sokoni Kitchanga, nami nikampa koti. Akageuza kola ili jina lionekane. Jean-Bosco akalisoma kwa sauti. Kiswahili pia anakisoma vizuri.

Nikasema kuna maelezo. Nikaanza kufungua kifuniko, ili mikono iwe na kazi. Kikaruka! Asali ikatoka kama bia iliyotikiswa, povu jeusi, kifua chote cha presida, miwani ya Jean-Bosco, mimi. Jean-Bosco akalamba kidole, akafikiri, akatangaza kitaalamu kwamba hii ni ya pori la Walikale na inaelekea kuwa pombe.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Papa Habineza hakucheka. Alijifuta taratibu. Akasema: basi asali ya Jumanne haikuwa hii. Iko wapi ya Jumanne? Akamgeukia Noël. Noël akaniangalia mimi. Naona yale macho hata sasa. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanangoja tu.

Na mimi nilinyamaza. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watu zaidi ya arobaini, neno moja, na nilinyamaza.

Evode ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama pembeni na vitabu vyake. Akaomba ruhusa, akaomba barua. Akaisoma mara moja. Niliona amefahamu, na niliona anatafuta njia ya kusema bila kunivunja. Akaeleza kwamba Papa Jean-Bosco hakukosea, neno hilo kweli ni asali, na jinsi lilivyoandikwa hapa mtu yeyote angesoma hivyo. Lakini Waingereza wanamwita hivyo pia mtu wanayempenda. Katika vitabu vyao mume anaandika neno hilo mwanzoni mwa barua kama sisi tunavyoandika mpenzi. Panakosekana tu alama ndogo ya kupumzisha sauti.

"Kwa hiyo hakuna asali," akasema Papa Habineza.

"Asali ni Mama Athanasie," akasema Evode.

Hapo ndipo walipocheka. Pikipiki zote zilicheka, honi zikapigwa. Motari mmoja alianguka kabisa. Papa Habineza akaenda mwenyewe kumvalisha Noël gile, akaifunga mbele, akamwomba radhi mbele ya wote. Kila motari akampa Noël mkono. Kisha presida akaniambia mbele yao kwamba siku nne za kazi za mtu si kitu cha kuchezea. Nilikuwa nanata.

Athanasie alingoja kelele zitulie. Akanijia mpaka karibu. Nilifikiri atauliza juu ya uso. Akaniuliza kama ni kweli lile neno lilikuwa lake. Nikasema ndiyo. Akafikiri.

"Hiyo barua ungeandika kwa lugha yenye nasikia," akasema, "ningerudi Jumatano."

Kisha akasema lililobaki, kwa sauti ya chini, na kwa kuwa ni lake nitaliandika lote: "Ulijua Noël hana kosa. Siku nne ulijua. Sungura ni wanyama, Papa Elodie. Mi sikuchoka na sungura."

Nililala kwa Jean-Bosco, jikoni. Aliniuliza, kwa heshima, kama kuna maneno mengine ya chakula ambayo si chakula. Nilijifanya nimelala.

Jumatano, tarehe 12 Oktoba

Nimekwenda kwa Noël kwa miguu. Nimewapelekea sungura wawili, wakubwa, kwa ajili ya mke wake aliyejifungua. Nimesema: nilijua, nikanyamaza, niliona aibu. Maneno machache hivyo! Yalitoka kwa shida kuliko hotuba yote ya Sake.

Noël akasema imekwisha. Mke wake akasema itakwisha sungura wakiiva. Akanipa mtoto nimshike wakati anatafuta sufuria. Ni mzito kwa umri wake. Aliniangalia uso uliovimba bila kuogopa.

Evode amefundisha masaa yangu ya jana bila kuniambia. Wanafunzi sasa wanajua vitenzi. Inauma.

Alhamisi, tarehe 13 Oktoba

Amerudi!

Nilikuwa nafua. Nikasikia pikipiki ya Noël, sikugeuka, nilidhani ni ya kupita. Akashuka na mfuko wa mbegu za maharagwe kutoka kwa dada yake. Akaenda moja kwa moja shambani, akatazama mlango wa banda la sungura (nimeupigilia misumari kumi na moja), akaanza kulima. Nikachukua jembe la pili. Tumelima mpaka jua la mchana. Mgongo wangu umekufa.

Tukiwa tumekaa kwenye ukingo akaniambia jambo moja. Miaka yote hii namwita Mama Elodie. Elodie ameolewa Goma, ana nyumba yake. "Mi niko na jina," akasema.

Nikasema: Athanasie.

Akasema tena.

Nikarudia: Athanasie. Akaangalia upande wa vilima, ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Akasema njo vile, ndivyo hivyo, hiyo inatosha, Kiingereza nimwachie Evode. Nikaapa. Mkono juu, mbele ya mbegu: sitaandika tena barua ya mapenzi kwa lugha ya watu wengine. Akasema amesikia. Hakusema ameamini.

Jioni amepika sahani ya kwanza isiyoungua. Nililia kidogo, nikasema ni moshi.

Jumapili, tarehe 16 Oktoba

Siku njema. Uso umerudi karibu wote. Athanasie yuko kwenye kikao cha akina mama wa parokia, kwa hiyo naandika kwa raha.

Papa Habineza alikuja! Presida mwenyewe, kutoka Sake, shati jipya. Nilidhani ni kesi nyingine. Akafunga mlango. Akasema tangu Jumatatu hajalala vizuri, lile neno limemkaa. Kumbe anampenda Mama Emérence, mjane wa Kilolirwe, mwenye kondoo wengi. Mwaka mzima anapita mbele ya zizi lake, sauti yote ile kubwa, na hajui aseme nini. Anataka barua. Ya Kiingereza. Nitakayoiandika mimi.

Nikamweleza juu ya kiapo. Kisha nikafikiri vizuri. Kiapo kilikuwa cha barua zangu. Hii ni ya Habineza. Mimi nakuwa kalamu tu, na kalamu haiapi. Tena mtu nimemchafua shati, nina deni la heshima.

Bila shaka neno honey hatulitumii. Nimejifunza. Nimefungua diksionere na kutafuta kwa utulivu, nikalipata kwenye herufi L: lamb. Mwana-kondoo. Waingereza humwita hivyo mtu mpole, wa kupendwa. Neno safi. Na mwanamke ni mfugaji, ataelewa bila mkalimani! Tumeandika pamoja, Habineza akishika karatasi isipeperuke: mwana-kondoo wake ni mzuri sana, mwana-kondoo wake yuko kwa Habineza usiku na mchana, na Habineza hamwachii mtu.

Anaipeleka kesho mwenyewe, mkono kwa mkono. Na bahati inatusaidia: ameniambia Mama Emérence amepotelewa na mwana-kondoo wake tangu Jumatano, anamtafuta kijiji kizima na kaka zake wanne. Kwa hiyo neno hilo litamgusa mara moja.